Amplifaya Yako Inakata Wimbo wa Tatu

Kaka Yotamu,

Sijui mtu aliyekufa anaandikiwa vipi. Nikikuuliza hali, utanicheka. Basi nianze na shida: amplifaya yako imenitia wazimu.

Mimi Neema, uliyenifundisha besi miaka minne ukisema nina vidole vya kuchambua maharage, ndiye ninayepigia kwaya sasa. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Jumapili ya kwanza baada ya matanga gitaa lako lilikuwa limeegemea ukuta, nikalichukua. Wimbo wa kwanza sawa, wa pili sawa. Wa tatu, kimya! Taa inawaka, mimi napiga, hakuna kitu. Mahubiri yakiisha, sauti imerudi yenyewe. Ikawa hivyo kila Jumapili.

Nikafanya ulivyokuwa unasema: "Anza na waya, waya ndio mwongo wa kwanza." Nikabadilisha waya. Nikachomeka gitaa kwenye spika ya waimbaji, likalia vizuri. Nikapuliza vumbi kwenye vifungo. Nikalaumu betri ya sola, tukaazima jenereta. Kimya kilekile. Nikaifunga amplifaya kwenye pikipiki hadi Mpanda mjini, fundi akaiwasha kutwa nzima mezani kwake, haikukata hata mara moja. "Dada, hii nzima," akaniambia, akiniangalia kama mgonjwa ni mimi. Nikarudi nayo Katumba. Jumapili, wimbo wa tatu, kimya.

Hapo maneno yakaanza. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema ni wewe unayekata, hujaridhika mwanamke kushika gitaa lako. Mwenyekiti wa kwaya akasema ikizimika kwenye harusi ya binti yake, besi inaingia stoo na haitoki. Kaka, nilichanganyikiwa. Sisi tumeokoka, mambo hayo siyaamini. Lakini nikuambie la aibu: nilifurahi kidogo. Kama ni wewe unakata, basi upo mahali.

Sasa kuna kitu sijakuambia. Siku ya kumaliza matanga mama yako alileta kifuniko alichokishona mwenyewe, kitenge mara mbili, jina lako limetariziwa kwa uzi mwekundu. Unajua kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata ndoo ya maji ya kunywa. Akaivalisha amplifaya hadi chini, sote tukalia. Tangu hapo tunaipiga ikiwa imevaa, nani angethubutu kuivua?

Wiki mbili kabla ya harusi mama yako akakichukua kukifua. Alhamisi tukafanya mazoezi bila kifuniko, nyimbo saba, na besi ikalia zote saba. Jumapili kikarudi, wimbo wa tatu ikakata. Nikaingiza mkono chini ya kitenge, nikagusa mgongoni kwenye matundu ya hewa. Inaunguza kama sufuria ya ugali! Ilikuwa inajizima yenyewe isiungue. Na fundi, kumbe, alikuwa ameivua tu.

Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilizunguka siku tatu nisijue namwambiaje mama aliyeshona jina la mwanawe. Nikaenda, nikaongea nikiangalia chini. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, kumbe nilikuwa namziba pumzi, na nyie mnaniangalia tu?" Nilitaka kumwambia hiyo ni amplifaya, siyo Yotamu. Nikashindwa. Alikikunja kitenge akakaa nacho mapajani, nikakaa naye.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Wimbo wa tatu ukafika. Kila mtu alikuwa anaomba isizimike, Kaka, na mimi nilikuwa nasubiri uikate. Hukukata. Besi ikaenda hadi mwisho, mwenyekiti akanipa mkono, nami nikalia mbele ya bibi harusi, wakadhani ni furaha.

Sijui nilitaka nini. Mpaka leo sijui.

Haya, Kaka, pumzika. Besi haiingii stoo, nitaipiga. Na Jumapili nikitoka kanisani nitapitia kwa mama yako. Yeye bado anakuita kwa jina wakati wa kula, na mimi bado nageuka kuangalia mlangoni.

Mwanafunzi wako,
Neema