Kibao cha Banda la Kuku

Shuleni, karibu na Lugulu
18 Mei 2025

Kwako Cucu,

Nakusalimu, nyanya yangu, kwa heshima na kwa hamu. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Yule kuku mweusi ameacha kudonoa mayai yake? Mimi ni mzima wa mwili, ila kuna jambo limenichafua roho tangu tufungue shule, na kwa kuwa sijui kusema mbele ya watu, nakuandikia. Simu haturuhusiwi hapa. Mwalimu Sellah, anayetufunza Kiswahili, amekubali kukuletea barua zangu kila Ijumaa akirudi kwake Ndalu.

Mama atajifungua mwezi ujao. Daktari ameona kwenye picha kuwa ni msichana. Cucu, nimengoja dada miaka kumi na sita, na wewe umengoja pamoja nami. Mimi ni Mwihaki kwa sababu mama ya Baba ni Mwihaki. Ndugu zangu Gachanja na Kabiru wamechukua majina ya babu zetu. Msichana wa pili ni wa mama ya Mama, yaani wako, na hakuna mtu nyumbani asiyejua hivyo. Lakini siku ya mwisho ya likizo Anti Lorraine, dada ya Baba, alikuja kwetu Kitale na orodha aliyoitoa kwenye mtandao. Skaila. Tiyana. Aryela. Moja ni la marashi, Cucu, marashi! Nikauliza kwa sauti ndogo, "Si ataitwa Primrose?" Anti akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Primrose! Bana, hilo si ni jina la sabuni ya choo? Mtoto atachekwa mpaka chuo kikuu."

Mama naye akatabasamu. Mtoto wako mwenyewe, Cucu, akatabasamu. Niliona kinyaa kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji.

Mimi napenda majina yaliyoachwa. Nina daftari lake. Nimeyatoa kwenye kitabu cha ubatizo cha kanisa na kwa nyanya za wenzangu: Truphena, Jerusha, Zipora, Hepziba, Perpetua. Wasichana wa bwenini husema ninafuga wafu. Lako ndilo la kwanza, ukurasa wa kwanza. Nimesoma kwamba ni ua la manjano linalotangulia mengine baridi inapoisha.

Halafu kuna kitu nilikuficha. Mwezi wa Aprili, nikiokota mayai kwako, niliona kibao cha mbao chini ya viota, kimegeuzwa uso chini, kimegandiwa na mavi ya kuku ya miaka mingi. Nilipokikwangua nikaona herufi za buluu: PRIMROSE. Nani aliweza kuweka jina lako mahali kama pale? Nimekisugua kwa sabuni mara tatu, kiko sandukuni mwangu. Kitatundikwa juu ya kitanda cha mtoto. Tafadhali zungumza na Mama kabla Anti hajamshinda.

Mjukuu wako,
Mwihaki


Ndalu
25 Mei 2025

Mjukuu wangu Mwihaki,

Barua nimeipokea kwa mkono wa mwalimu. Namshukuru Mungu tu wazima. Magoti ni yale yale. Kuku mweusi nimemchinja.

Usimsumbue mama yako na tumbo lile kubwa. Mwache amwite mtoto anavyotaka. Skaila ni sawa. La marashi pia ni sawa.

Kibao ukirudishe ulikokitoa. Vaa sweta, usome.

Ni mimi Cucu wako


Shuleni
1 Juni 2025

Cucu mpendwa,

Habari za baridi, na za kuku waliobaki? Mimi nakohoa kidogo, si kitu.

Barua yako imeniumiza, naomba unisamehe kusema hivyo. Sikujua mtu anaweza kulimwaga jina lake kama maji ya kuoshea vyombo. Ati Skaila ni sawa! Nadhani unaona haya kujitakia kitu. Ndivyo ulivyo: harusini unakaa nyuma, na paja la kuku hujawahi kula mbele yetu, unawapa wengine. Basi mimi nitakutakia. Nimemwandikia Mama kurasa nne. Nimemwambia kwamba akikuruka, itakuwa kama hukuzaa wala hukuzaliwa, na mimi huyo mtoto sitamwita kwa jina lolote. Nililia nikiandika, karatasi ikajikunja, nikaiacha hivyo hivyo aone.

Mjukuu wako anayekupenda,
Mwihaki


Ndalu
8 Juni 2025

Mwihaki wangu,

Hicho kikohozi kinywee tangawizi. Nimesoma habari ya kurasa nne. Tafuta mahali pasipo watu usome hii.

Baba yangu alikuwa mkamuaji kwenye shamba la Mzungu upande wa Kitale. Ng'ombe wa maziwa walikuwa na majina, na kila mmoja alikuwa na kibao chake juu ya mahali pa kukamuliwa. Mke wa Mzungu, tuliyemwita Memsaabu, aliviandika mwenyewe kwa rangi ya buluu. Yule aliyempenda kuliko wote alikufa kwa homa wiki niliyozaliwa. Memsaabu alilia siku mbili. Siku ya tatu akaja kwenye kibanda chetu, akanitazama, akamwambia baba: huyu ndiye Primrose sasa. Akampa kibao. Akaniandika hivyo kwenye kitabu cha shamba, na maziwa ya watoto yaligawiwa kwa kitabu hicho. Usipoitika, hupati.

Mama yangu alikuwa amenipa jina la mama yake. Aliliita ndani ya nyumba tu, kwa sauti ya chini. Alifariki nikiwa na miaka tisa, na hakubaki mtu wa kuliita. Nilipotaka kitambulisho, karani alinakili la kitabu.

Siku moja, nikiwa na miaka saba, Memsaabu alikuwa na wageni. Akaniita kutoka kwenye foleni ya maziwa, "Primrose!" akawaeleza habari ya ng'ombe wake. Wakacheka. Mmoja akanigusa pua, akasema ni baridi kama ya ng'ombe mzima, basi nina afya. Wakacheka tena. Hayo ningeyasahau. Lakini baba yangu alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, naye akacheka. Mwihaki, sijawahi kuitikia jina hilo bila kukisikia kicheko kile.

Kibao alikitundika mlangoni mpaka akafa, kikaja kwangu. Kukichoma niliogopa, ni kitu cha baba. Nikakiweka mahali ambapo kuku wangenifanyia kazi yangu.

Wewe unajua desturi yetu. Jina likishapewa mtoto halikomi, litakwenda kwa mjukuu wake na kwa mjukuu wa mjukuu. Memsaabu alirudi kwao zamani, halafu ng'ombe wake aendelee kuzaliwa kwangu? Kila mama yako alipokuwa mjamzito niliomba apate mvulana. Nilimshukuru Mungu kwa Gachanja, nikamshukuru kwa Kabiru.

Mwandikie mama yako useme umebadili nia. Sababu usiitaje. Haya hayajui yeye, wala marehemu guka yako, mume wangu, hakuyajua.

Cucu wako


Shuleni
15 Juni 2025

Cucu! Cucu!

U mzima? Kikohozi kimeisha, na hata kisingeisha leo nisingekisikia. Mwalimu Sellah hajaonekana hapa tangu Ijumaa ile, ameenda semina Bungoma kwa wiki mbili, kwa hiyo sijui kama ulinijibu. Hii naituma kwa posta.

Mtoto amezaliwa Jumatano, kilo tatu na nusu, na Mama amekubali! Alimpigia mwalimu mkuu, nikaitwa ofisini, nikampata kwenye simu. "Hizo kurasa zako nne," akasema, "nimezisoma nikiwa na uchungu wa kuzaa. Umeshinda." Baba ameliandika jina kwenye karatasi ya hospitali. Atabatizwa tarehe 29, tukiwa kwenye likizo fupi ya katikati ya muhula. Anti Lorraine amenuna. Mimi nimeomba rangi ya buluu kwa mwalimu wa sanaa, nimezipitia herufi upya. Zinang'aa. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Mjukuu wako,
Mwihaki


Shuleni
23 Juni 2025

Cucu,

Sijui hata nikuulize vipi kama u mzima.

Mwalimu amerudi leo. Barua yako ilikuwa mkobani mwake wakati huo wote. Nimeisomea chooni, maana ndipo pasipo watu. Nimejichukia. Mikono yangu bado ina rangi ya buluu kwenye kucha na haitoki hata kwa mafuta ya taa.

Jumapili mchungaji atauliza jina mbele ya kanisa zima, na Baba atalitaja. Kusema tu kwamba nimebadili nia hakutatosha sasa, watauliza kwa nini. Nikinyamaza, ng'ombe anabatizwa. Nikisema, nimekusaliti. Hii utaipata Ijumaa. Jumamosi nitakupigia kwa simu ya Mama. Ukiniambia hapana, sitasema.

Mjukuu wako


Shuleni
6 Julai 2025

Kwako Cucu,

Pokea salamu, hata kama hutaki kuzijibu.

Nilipopiga simu uliishika. Nilijua ni wewe kwa sababu nilisikia kuku. Niliuliza, "Cucu, niseme?" Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Ukakata. Nilikaa na simu mkononi mpaka ikazima taa. Kisha nikaenda nikasema. Usimlaumu mtu mwingine.

Mama alikuwa akimwosha mtoto kwenye beseni, Anti Lorraine akikunja nepi. Niliisoma barua yako yote, maana kwa maneno yangu nisingeweza. Anti alisema, "Ng'ombe? Ati ng'ombe?" na kwa mara ya kwanza hakucheka. Mama aliendelea kummwagia mtoto maji, kikombe baada ya kikombe, mpaka Anti akamwambia yamepoa. Mama akauliza, "Na jina lake mwenyewe ni lipi?" "Miaka arobaini na moja," akasema, "nimemwita Mama, sikuwahi kuuliza kingine." Akatoka nje akatapika karibu na tangi. Baba alimpigia mchungaji, ubatizo ukaahirishwa.

Karatasi ya hospitali iko kabatini, haijapelekwa popote. Mtoto hana jina. Gachanja anamwita Kadogo. Anti aliichana orodha yake bila kuambiwa. Mama anasema hataandika chochote mpaka wewe useme, hata kama mtoto ataanza kutembea. Kibao nimemwachia yeye, sikuweza tena kulala nacho chini ya kitanda.

Ukitaka nisikuandikie tena, nitaelewa.

Mwihaki


Ndalu
20 Julai 2025

Mwihaki,

Mimi ni mzima. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mzima asimwandikie mtoto akiwa na hasira. Ulikuwa umenivua nguo mbele ya mwanangu na wifi yake. Niliposhika ile simu nilitaka kusema hapana, nikaona nikisema hapana nitakuwa nimesimama na kofia mkononi. Ndiyo nayo haikutoka.

Jana mama yako alikuja na mtoto mgongoni na gunia mkononi. Hatukuzungumza hayo. Tulichambua maharagwe ya njahi. Alinitazama, nikajua anangoja nifungue mdomo, na mdomo ukakataa. Sijalisema jina lile tangu mama yangu azikwe. Nikampokea mtoto. Nikamgusa pua. Ilikuwa na joto, kama ya mtoto yeyote.

Wakati wa kupika uji nilikitoa kibao kwenye gunia. Ulikisugua vizuri, kiliwaka bila moshi. Mama yako alikuwa upande ule mwingine wa jiko, akakisogeza ndani kwa mguu. Uji uliiva kabla herufi ya mwisho haijaungua, tukauacha ukingoja.

Mdomo ulikataa lakini mkono umetii. Mwambie Lorraine kama bado anataka Skaila aliweke mbele, sina neno, mradi langu la kweli lifuate. Kukusamehe bado sijakusamehe. Njoo Agosti tutachinja kuku, na safari hii paja nitakula mimi.

Sijawahi kuliandika, sijui kama nimepatia. Nilijaribu kwanza kwa kijiti kwenye majivu. Liweke kwenye daftari lako la majina yaliyoachwa, kisha umpelekee mama yako barua hii, halafu urudi ulikate humo kwa kalamu, maana litakuwa limepata wa kuliitikia.

Cucu wako,
Ngonyo