Kamba Niliyosema Ni Nzima

Kabula, mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku mhola, ni salama, ila bibi yako mguu unamsumbua na mvua za mwaka huu zimetupita.

Umeuliza kwa nini nikiulizwa jambo, hata dogo, nakawia kujibu. Bibi yako tu ndiye anayejua.

Nilipokuwa kijana nilikata matawi ya mikaratusi pale misheni Ushirombo, mimi na rafiki yangu Masanja. Tulikuwa na panga na kamba moja ya katani. Mpandaji alijifunga kiunoni na kuizungusha kwenye shina. Wa chini ndiye aliyeikagua: aliipitisha yote mkononi taratibu, kisha akasema, "Nzima." Mpandaji hakuikagua tena.

Jioni moja niliitumia kufungia ng'ombe nyumbani. Sikukumbuka kwamba ilikuwa imelowa jasho letu miezi mingi, na ng'ombe akionja chumvi hutafuna. Asubuhi nilichelewa. Nikaikunjua tu, nikampa Masanja.

"Nzima?" Masanja akauliza.

"Nzima."

Ya juu ya mti sitayaandika. Tulimzika kwao kesho yake. Watu walisema kamba ilikuwa imechakaa. Mama yake aliniita mwanangu mpaka anafariki, na habari ya ng'ombe sikumwambia.

Kamba yenyewe nimeanza kuisahau. Ninachokumbuka ni kwamba alipouliza, Masanja hakuitazama kamba. Alinitazama mimi, kisha akapanda.

Babu yako