Mafuta Kwenye Ngazi za Bwawa

Jumatatu, 4 Machi

Mizunguko kumi na miwili leo. Magoti yametulia, sasa ngozi ndiyo inasumbua. Miundi imekauka, ukiikuna inatoa unga kama ukuta wa chokaa. Ni dawa ya maji ya bwawa hiyo. Basi nimejipaka mafuta ya mgando kabla ya kuingia, tele, mpaka nyayo. Shoga yangu Kifaru — tunamwita hivyo kwa anavyojitupa majini — kanicheka. Eti, wewe unaogelea au unakaangwa? Nikamwambia mimi nikikaangwa angalau nitalika.

Jumatano, 6 Machi

Kifaru ameteleza kwenye ngazi za bwawa. Nyonga. Nimemshika kichwa mpaka gari la wagonjwa likaja, namtukana asifumbe macho. Akanirudishia tusi — hapo nikapumua.

Meneja anasema msafishaji aliacha sabuni kwenye ngazi. Binti wa watu anaapa alisuuza mara mbili. Ana mtoto anayenyonya. Keshokutwa ataitwa ofisini, na wote tunajua ofisini huko watu hutoka na barua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kumwona Kifaru. Upasuaji ni kesho asubuhi. Nesi akaiona mikono yangu, akanivuta kando. Kasema ngozi ya umri wangu mafuta yake yameshapungua, na maji ya bwawa yanakomba hata hayo machache. Nioge maji matupu kabla ya kuingia. Nikitoka nijisuuze upesi, maji ya vuguvugu, si ya moto, kisha nijipake ngozi ikiwa bado ina unyevu.

Nikamwambia mimi hujipaka kabla, hata jana nilijipaka. Akacheka: Bibi, hayo yote unayaacha majini na kwenye ngazi.

Kwenye ngazi.

Sikusikia tena alichosema.

Nikapita bwawani. Bango la mlangoni nimelipita miaka sita kama picha tu. Herufi mjukuu kanifundisha mwaka jana. Leo nimesimama nikalisoma, kidole juu ya kila neno: USIJIPAKE MAFUTA KABLA YA KUINGIA MAJINI.

Binti alikuwa anasugua ngazi zilezile. Akaniamkia. Nikaitikia, nikaondoka. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya meneja. Kopo la mafuta liko mapajani. Wakinifukuza bwawani, magoti haya yatanilaza kitandani — daktari alishasema. Na Kifaru akizinduka, nitamtazama kwa macho gani?

Binti amekaa pembeni yangu. Anadhani nimekuja kumpa moyo. Kaitazama mikono yangu. Bibi, imepasuka tena, si ujipake kidogo, mafuta unayo hapo.

Baadaye, mwanangu.

Mlango unafunguliwa. Anaitwa msafishaji.

Nasimama mimi —