Yai kwenye kope

Alhamisi, Julai. Mlima hatujauona siku ya tatu sasa, na hapa Soweto hata kuku wamechelewa kutoka bandani.

Mnaosoma hapa mnajua ninavyojisifu kwa Neema wangu. Mimi niliishia darasa la saba, yeye anaandika programu za kompyuta! Basi kikundi chetu cha akina mama wa jumuiya kilipopata mashine ya kutotolesha vifaranga, nikasema ikae kwangu. Mayai sitini, ya mama kumi. Mama Aika akanitania, "Haya, Mama Injinia, kuku wangu sasa afanye kazi gani?" Nikamwambia ampe likizo.

Siku nne niliwasha na kuzima balbu zake za joto kwa mkono. Joto nilipima kama mama yangu alivyonifundisha: unagusisha yai kwenye kope. Jana asubuhi Neema akaunganisha kipimajoto na kompyuta, kitu kidogo chenye waya tu, chenyewe hakionyeshi namba. Alishakijaribu kwenye maji ya friji, kikasoma nyuzi nne sawasawa. Balbu zikawa zinajiwasha na kujizima. Kompyuta ikaandika 37, joto lenyewe la mama kuku. Nikaita majirani waje waone.

Leo alfajiri nikaweka yai kwenye kope. La baridi.

Nikatazama kompyuta: 37. Nikalirudisha yai, nikanyamaza. Niliamini kompyuta kwa sababu ni ya mwanangu.

Saa nane mchana nikashindwa kuvumilia.

"Neema, mayai yana baridi."

"Mama, si unaona thelathini na saba?"

"Naona. Njoo uweke jichoni."

Akaweka. Uso ukambadilika.

Amenieleza mara tatu. Kipimajoto kile hutuma kila tarakimu peke yake, mbili zikibanana kwenye kifurushi kimoja, kila moja na nusu yake. Kilituma mbili na tano, yaani nyuzi 25. Programu ikasoma kifurushi chote kama namba moja, na humo nusu ya mbele huhesabiwa kwa kumi na sita, si kwa kumi. Mbili ikawa thelathini na mbili, ongeza tano, ndiyo ile 37. Ile nne ya maji ya friji haikuwa na kitu mbele yake, ndiyo maana ilitoka sahihi. Kurekebisha, mistari miwili tu: tenganisha nusu, ya mbele zidisha kwa kumi. Kisha mwanangu akalia.

Kesho ni siku ya saba. Akina mama wote wanakuja kumulika mayai kwa tochi, kila mmoja atafute mishipa ya damu kwenye yake. Nimewaza niseme umeme ulikatika. Nani angejua?

Hapana. Nitawaambia mlangoni, kabla ya yai la kwanza: si Neema peke yake, mimi nilijua mapema nikanyamaza.

Nimetoka kuweka jingine kwenye kope sasa hivi. Lina joto zuri. Lakini hata jiwe ukiliweka humo litapata joto.