Kikombe kwenye menyu yangu

Nagyeong uko wapi. Hupokei simu. Basi soma.

Huyu bosi wangu Tak amenitia kinyaa.

Wageni kutoka kiwanda cha meli cha Geoje wamekuja kukagua mchoro wangu wa pampu. Nimeuweka kwenye skrini kubwa. Mzee wao akasema, "Binti, hebu lisogeze hili tundu la boliti." Nashika kipanya, kinateleza. Mafuta ya kuku.

Natazama juu, vitufe vyangu havipo. Unajua nilivyoipanga ile menyu ya programu ya kuchorea, kila kitufe mahali pake. Tak kavifuta vyote. Kabakiza kimoja, cha kuchapisha, na picha yake kaigeuza KIKOMBE CHA KAHAWA.

Kikombe, Nagyeong. Mbele ya wageni.

Tak anachokoa meno. "Nimekupunguzia mzigo wakati wa chakula. Mtoto wa kike, vitufe vyote vile vya nini?" Chumba kizima kikacheka. Yaani alikaa kwenye kiti changu, akala kuku, akafuta kazi yangu. Mtoto wa kike.

Kisha eti, "Haya, tuletee kahawa."

Nikabonyeza kikombe.

Mashine ikatema mchoro. Nikamwekea yule mzee mezani kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Kahawa yenu hii hapa. Tundu bado liko pale pale."

Hakuna aliyecheka. Mzee akamgeukia Tak: "Basi lisogeze wewe."

Nimemwacha anakitafuta kitufe alichokifuta mwenyewe.

Niko chooni, nanawa mara ya tatu. Mikono bado inanuka kuku.