Inchi Nne za Bomba la Kioko

Kioko,

Kosa la watu wengi wanaoumwa mgongo kwenye baiskeli ni kuongeza sponji kwenye kiti. Mimi niliweka moja, nikaongeza ya pili, nikafunika yote kwa ngozi ya mbuzi, hadi ukaniambia, "Mwalimu, sasa umepanda godoro." Halafu ukanikumbusha somo langu mwenyewe: kwamba kisigino chembamba cha kiatu huzama kwenye tope mahali ambapo mguu wa ndovu hauzami. Uzito wa mtu mzima ukikalia mahali padogo utaumiza tu, hata pawe laini namna gani. Dawa ni kuutawanya, yaani mtu aegemee, mgongo mzima ubebe, miguu ikanyage mbele. Nilifurahi sana siku ile. Si kila mwalimu hurudishiwa somo lake likiwa bado zima.

Ndipo ukaanza kunitengenezea baiskeli ya kuegemea, kwa fremu za baiskeli mbili kuukuu na bomba la mraba lililobaki kwenye geti la kanisa. Gurudumu dogo mbele, kubwa nyuma, na cheni tatu zilizounganishwa kuwa moja. Ukaugua. Ukatuacha, na fremu ikabaki imeegemea ukuta wa karakana yako ya kuchomelea vyuma, haina kiti.

Kioko, sikupanda mlimani kukuzika. Mgongo ulinifunga kitandani, na barabara ya kwenu Mbooni unaijua, hata boda boda huipanda ikilalamika. Niliisikia kwaya ikipita hapa chini ikiimba, nikahesabu kona hadi sauti ikapotea. Tangu hapo nimekuwa na neno moja tu moyoni: nifike ulipo, nikiwa nimeketi kama mtu, si kubebwa kama gunia.

Mkeo, Mama Mwende, aliniletea ile fremu kwa mkokoteni. Hakuniuliza kama naitaka. Alikaa barazani kwangu siku tatu akisuka kiti kwa kamba za katani, msuko uleule wa kikapu cha kiondo, ila aliukaza zaidi. Nimeona viti vingi maishani. Hiki kinapumua, kinabonyea kidogo, halafu kinakushika. Mota tuliitia kwenye gurudumu la nyuma, na betri ikatoka kwa fundi wa Kathonzweni anayerekebisha pikipiki za umeme. Nakueleza maana najua ungeuliza: mota haifanyi kazi peke yake. Ukikanyaga inakusaidia, ukiacha nayo inaacha, kama mwanafunzi mzuri. Betri tunaichaji kwa jua.

Basi nikaketi. Miguu haikufika kwenye pedali.

Tulitazamana. Kisha Mama Mwende akaanza kucheka hadi akashika ukuta, akaniambia siri yako. Kipimo cha baiskeli hii ni rahisi: mtu anaketi chini, mgongo ukutani, ananyoosha mguu, unapima kutoka ukutani hadi kisigino. Lakini hukuweza kumwambia mwalimu wako aketi mavumbini na kunyoosha mguu kama mtoto wa kliniki. Nilipokuuliza kama hutanipima, ulisema, "Nimeshakuona, Mwalimu, inatosha." Ukaenda ukajipima wewe. Wewe, uliyekaa dawati la nyuma miaka yote kwa sababu ulimziba kila aliyekuwa nyuma yako.

Dawa ilikuwa kukata bomba la mbele linaloshika pedali. Nikakataa. Lile ungio lilikuwa la mwisho kutoka mkononi mwako, nami sikutaka grainda ya kukatia chuma iliguse. Nikafunga vipande vya mbao kwenye pedali ili zinifikie. Siku ya kwanza kimoja kiligeuka, nikaingia kwenye shamba la maharagwe, na baiskeli ikanifuata. Nilikuwa bado nimelala humo Mama Mwende aliposimama juu yangu akasema, "Mwalimu, Kioko alitulisha kwa kukata na kuunga. Unamheshimu kwa kulala kwenye maharagwe?"

Niliketi mavumbini, mgongo ukutani, akanipima. Akawasha grainda mwenyewe, akakata inchi nne, akachomelea. Ungio lake liko kando ya lako. Lake limenyooka zaidi. Nisamehe, sikukufundisha kupokea sifa za uongo.

Juma lililopita nilienda sokoni. Nilikuwa nimefunga kipande cha leso kwenye ufito nyuma ya kiti ili madereva wanione, maana nimekuwa mfupi kama kuku barabarani. Kijana mmoja wa boda boda akaniuliza kwa heshima zote, "Mzee, hospitali imekubali utoke na kitanda?" Nikamwambia ndiyo, na chakula nitaletewa. Nilienda na kurudi. Mgongo haukusema kitu. Nilishuka nikasimama uani, nikakosa la kulaumu.

Kwa hiyo leo nakuja kaburini kwako. Mama Mwende ameshapanda mlimani, ananingoja. Nimebeba zile inchi nne za bomba. Ameniagiza nisizitupe, atazisimika kando ya msalaba wako azitilie maua. Nami nakuahidi jambo moja: yeyote atakayetaka baiskeli ya namna hii, nitamketisha chini kwanza apimwe, hata akiwa askofu. Heshima isiyouliza kipimo imeshanilaza shambani mara moja, inatosha.

Kwaheri, mwanangu. Nimefunga kengele ya baiskeli yangu ya zamani, ile uliyokuwa ukiisikia unaweka kila kitu chini na kusimama mlangoni kunipokea, hata kazi ikiwa ya moto mkononi. Leo ukiisikia inapanda kona ya mwisho, usisimame. Lala.

Mwalimu wako