Kicheki Kinataka Niwakane Ndugu Zangu

Jumatano. Eldoret ni baridi, mvua haijakatika tangu saa nane, na mimi nina hasira.

Niseme wazi: Kicheki sikipendi. Miezi mitatu nimekikazania na bado kinanitoa jasho. Nani alikaa chini akaamua mwisho wa jina la mtu ubadilike ukimwita, ukimpa kitu, hata ukimsengenya? Halafu kuna hiyo ř yao, ambayo nikiitamka kuku wa jirani wananyamaza. Lakini kazi ya kutunza wazee huko Brno, Jamhuri ya Cheki, inataka mtihani wa kuongea, nao ni Ijumaa, kwa hivyo nameza.

Leo nimefanya majaribio kwa simu na mwalimu wangu, Alena. Huyo hajui salamu. Dobrý den moja tu, yaani siku njema, basi, maswali. Akauliza, Kolik máte sourozenců? Yaani nina ndugu wangapi. Nikajibu bila kukwama: Mám sedm sourozenců. Saba! Nikajisifu kimoyomoyo.

Akafungua fomu ya familia niliyojaza kuomba kazi. "Mama yako alizaa mtoto mmoja. Hawa saba wametoka wapi?"

Nikamweleza. Mama alifariki nikiwa na miaka miwili, baba mdogo na mkewe, ambaye sote tunamwita Mathe, wakanichukua kwao Moiben nikue na watoto wao saba, nikalala kitanda kimoja na binti yao Chebet mpaka darasa la nane.

"Hao ni binamu. Jibu lazima lilingane na fomu. Sema nemám sourozence."

Sina ndugu.

Akanitaka nirudie mara kumi. Nikasema mara kumi, mpaka akanisifu matamshi. Sijawahi kuchukia sifa hivyo.

Jioni Kiprono, kaka yangu mkubwa, akapiga simu kutoka nyumbani. "Sasa sis, hiyo mtihani uko ready? Mathe amesema tutakuombea." Huyu ndiye aliyeacha sekondari akabaki kukamua ng'ombe ili mimi niendelee kusoma. Nikamwambia niko tayari. Sikuweza kumwambia kwamba nimeshinda nikifanya mazoezi ya kumkana.

Naihitaji hii kazi, sitajidanganya. Labda huu ni ujasiri wa Jumatano tu, na Ijumaa nitatetemeka.

Lakini wakiniuliza, nitasema sedm. Nitawataja wote kwa majina, kwa Kicheki changu kibovu, kuanzia Kiprono. Wakininyima kazi, wajitunzie wazee wao.